Vichocheo vinne vya kutoa haidrojeni kwenye borohaidraidi: kipi kinafaa kweli

Wakuu, nimekaa na hii kazi ya kutoa haidrojeni kwenye chumvi kwa muda mrefu sasa, na kila nikitafuta maelezo ya vichocheo kwa Kiswahili naambulia mistari miwili mitatu ya darasani basi, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe nilichokiona. Nimetumia vichocheo vinne, yaani vitu vinavoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha: unga wa kobalti boraidi, shanga za resini zenye rutheniamu, platini juu ya kaboni, na kobalti iliyopakwa kwenye sponji ya nikeli. Vyote nimevijaribu na sodiamu borohaidraidi, na platini nikaijaribu na amonia borani pia. Nisiwazungushe: kwangu mimi sponji ya nikeli ndo imeshinda, japo sio yenye kasi kuliko zote na ina kasoro ambayo lazima niieleze.

Nianze na nilichokuwa nakitaka, maana ukisoma tathmini bila kujua mtu alikuwa na shida gani haikusaidii. Nna seli ya mafuta ndogo, ile inayopokea haidrojeni upande mmoja na hewa upande wa pili afu inatoa umeme na maji, na nilitaka gesi itoke ninapoitaka na ikome ninaposema basi. Hilo la kukoma ndo watu wengi hawaliulizi kabisa. Ukisoma maelezo ya wauzaji na hata makala za kitaalamu utakuta kila mtu anataja kasi, mililita ngapi kwa dakika kwa kila gramu ya kichocheo, na kasi yenyewe ni ya dakika za mwanzo wakati kila kitu ni kipya na kisafi. Mi nataka kujua kiko vipi siku ya ishirini.

Kwa asiyeijua hii chumvi, sodiamu borohaidraidi ni unga mweupe, boroni moja imeshika haidrojeni nne, na ikikutana na maji inakwenda hivi: NaBH4 + 2H2O → NaBO2 + 4H2. Iangalie vizuri hiyo hesabu. Chumvi imekuja na atomi nne za haidrojeni lakini zimetoka nane, kwa sababu nusu inatoka kwenye maji yenyewe. Waliorudia jaribio kwa maji mazito, yale ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito, walipata gesi ambayo molekuli ina atomi moja ya kawaida na moja nzito, yaani huku moja na huku moja. Mi hii kitu ilinifurahisha sana siku nilipoielewa, maji hapa sio ya kuyeyushia tu, ni nusu ya mafuta yako.

Gramu moja ya chumvi inakupa kama lita 2.4 za gesi ukipima kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa kawaida wa hewa, kwenye joto la chumba ni zaidi kidogo. Hiyo ni kama gramu 0.21 za haidrojeni, na nishati iliyomo ni kama wati-saa 7, seli ya mafuta ikifanya kazi vizuri utapata karibu nusu yake kama umeme. Sio haba kwa gramu moja ya unga.

Sasa kichocheo kinaingiaje? Hii chumvi ukiiweka kwenye maji matupu inaanza kuvunjika yenyewe, ila jinsi inavovunjika ndo maji yanazidi kuwa ya alkali na mmenyuko unapoa. Ukiongeza sodiamu haidroksaidi, ile kostiki, unaifunga kabisa. Kwa fomula inayotumika sana, kwenye nyuzi 25, pH (kipimo cha asidi na alkali, ikipanda alkali imezidi) ikiwa 8 nusu ya chumvi inaisha chini ya dakika moja, pH 10 kama saa moja, pH 12 siku nne na kitu, na pH 14 inachukua zaidi ya siku 400. Kwa hiyo kostiki ndo kufuli na kichocheo ndo ufunguo. Unachanganya chumvi, maji na kostiki, unakaa na chupa yako imetulia, ukitaka gesi unaikutanisha na kichocheo, ukitosheka unaitenganisha. Ufunguo usiotoka kwenye kitasa hauna maana, na hapo ndo vichocheo vingi vinaposhindwa.

Jinsi nilivopima ni rahisi. Chupa ya mmenyuko nimeizamisha kwenye beseni la maji ya joto la kawaida, mpira unatoka kwenye chupa unaenda chini ya silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa, gesi inasukuma maji nje na mi nasoma mstari kila baada ya nusu dakika. Lile beseni usilione dogo. Mmenyuko huu unatoa joto la zaidi ya kilojuli 200 kwa kila moli ya chumvi, na ukichukua mchanganyiko wenye asilimia 10 ya chumvi ukauachia wote kwa mpigo kwenye chombo kisichopoteza joto, joto hilo linatosha kuuchemsha na kuzidi. Mtu asipopoza anadhani anapima kichocheo kumbe anapima joto, maana kadri inavopata moto ndo inavozidi kukimbia. Majaribio yangu ya mwanzo kabisa niliyatupa yote kwa sababu hiyo hiyo, yalikuwa bila beseni.

Tuanze na unga wa kobalti boraidi. Huu unautengeneza mwenyewe na wala haikuchukui muda. Unayeyusha kobalti kloraidi kwenye maji, inakuwa na rangi ya waridi nzuri kabisa, afu unadondoshea mchanganyiko wa borohaidraidi taratibu. Tone la kwanza tu likigusa, ile waridi inakatika weusi, unaona wingu jeusi linashuka chini kama wino na papo hapo viputo vinaanza kupanda. Yaani borohaidraidi inatengeneza kichocheo chake yenyewe afu inaanza kuvunjwa nacho hapo hapo. Nimeifanya mara nyingi na bado naiangalia kila mara.

Ugunduzi huu una miaka mingi. Schlesinger na Herbert Brown na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliufanyia kazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilitaka njia ya kupata haidrojeni porini bila kubeba mitungi mizito, na makala yao ikatoka 1953. Walijaribu chumvi za metali mbalimbali za kawaida na kobalti ikawa mbele ya nikeli, chuma na nyinginezo. Brown alipata Nobel mwaka 1979 pamoja na Georg Wittig, na alichotambuliwa nacho ni hizi hizi kazi za misombo ya boroni. Miaka zaidi ya 70 baadaye bado kobalti ndo metali ya kawaida ambayo watu wanarudi kwake, na nikishaitumia naelewa kwa nini.

Kwa kasi, unga huu ni moto. Chembe zake ni ndogo sana kwa hiyo uso wa kufanyia kazi ni mkubwa, na kwenye silinda unaona kitu kizuri: mstari wa gesi unapanda kwa mwendo ule ule, dakika hii kama dakika ile, hadi karibu na mwisho ndo unapinda. Sababu ni kwamba kazi yote inafanyika juu ya uso wa kichocheo. BH4, ile sehemu ya chumvi yenye boroni na haidrojeni, inatua pale, inaachia haidrojeni yenye chaji hasi, maji nayo yanaleta yenye chaji chanya, zikikutana zinaondoka kama gesi. Mchanganyiko ukiwa bado mzito uso umejaa muda wote, kwa hiyo kuongeza chumvi hakuongezi kasi, mpaka chumvi ipungue sana ndo uso unaanza kubaki wazi na mwendo unashuka.

Shida yake ni kwamba huwezi kuusimamisha. Unga uko ndani ya maji yote, mmenyuko unaisha chumvi ikiisha, basi. Sumaku inauvuta, kwa hiyo nilijaribu kuweka sumaku kali chini ya chupa niukusanye afu nimimine maji, na mwingi unakusanyika kweli, ila viputo vinavopanda vinabeba chembe ndogo ndogo mpaka shingoni na siku moja nilizikuta ndani ya mpira unaokwenda kwenye seli ya mafuta. Pia haupendi hewa. Ukiukausha hewani unashika oksijeni na mara ya pili unautumia unakuta umelala, unachelewa kuanza na ukianza hauna nguvu ile. Kama unataka gesi yote kwa mara moja, kujaza puto au kufanya onyesho darasani, chukua huu. Kwa kazi yangu naupa nyota 3 kati ya 5. Na tafadhali, kobalti kloraidi ni sumu, usivute vumbi lake, vaa glavu na barakoa, maji yake usimwage ovyo kwenye mtaro.

Cha pili, rutheniamu kwenye shanga za resini. Hiki kina jina kubwa na jina lenyewe limepatikana kihalali. Tangu 1962 ilishajulikana kuwa rutheniamu na rodiamu ndo zinaongoza kwa kuvunja borohaidraidi, afu mwaka 2000 mtafiti Amendola na wenzake wakaonesha mfumo ambao rutheniamu imekaa kwenye resini ya kubadilishana ioni, yaani plastiki inayoshika chembe zenye chaji, mchanganyiko wa borohaidraidi unapita juu yake na gesi inatoka. Ndo njia iliyoleta ile gari ya Chrysler iliyoitwa Natrium mwaka 2001, iliyotumia mfumo wa kampuni ya Millennium Cell, gari iliyobeba borohaidraidi kwenye tenki badala ya petroli. Watu walikuwa na matumaini makubwa sana wakati ule.

Shanga zenyewe ni za kupendeza kuzishika, nyeusi, laini, ndogo kama mbegu, na unaweza kuziweka kwenye mfuko wa wavu ukaziingiza na kuzitoa. Kwa hiyo kukoma kunawezekana, ukitoa mfuko gesi inakata. Kasi yake ni nzuri sana, kwa kiasi kile kile cha metali imeipita kobalti yangu kwa mbali na inaanza papo hapo bila kusuasua. Ningeweza kuishia hapo nikaipa nyota 5.

Ila kuna mawili. La kwanza ni joto. Resini za aina hii, zile za kushika ioni hasi, zikiwa kwenye alkali kali haziwezi kuvumilia zaidi ya kama nyuzi 60, baada ya hapo vile vikundi vyake vya amoniamu vinavyoshika ioni vinaanza kukatika na resini inachakaa. Na mmenyuko wetu nimeshasema unatoa joto kiasi gani, katikati ya mfuko wa shanga ndo kunakochemka zaidi kwa sababu maji hayapiti vizuri. Kwa hiyo unayo metali bora kuliko zote imekalishwa kwenye kiti kinachoungua. Mi nilianza kuona shanga zimepasuka, nusu nusu, chini ya wavu, na kila shanga inayopasuka inaondoka na rutheniamu yake.

La pili ni la muuzaji. Mzigo wangu wa kwanza wa shanga ulikuwa safi, wa pili kutoka kwa muuzaji mwingine ulifika ukiwa mweusi vile vile kwa macho, ila nilipouosha kwa maji matupu tu, hata kabla ya chumvi, maji yakawa ya kijivu. Nikaosha tena, kijivu tena. Nikakata shanga moja kwa wembe nikaiangalia na lenzi: ya mzigo wa kwanza weusi ulikuwa umeingia ndani, ya mzigo wa pili weusi ni ngozi tu ya juu na ndani ni resini ya njano tupu. Metali ilikuwa imegandishwa nje haikushikwa. Niliwaandikia, wakajibu kuwa asilimia ya rutheniamu iko sawa na iliyoandikwa, na inawezekana ni kweli, lakini asilimia sio habari yote, imeshikwaje ndo habari. Ukinunua shanga, osha chache kwa maji kwanza na ukate moja uione ndani kabla hujazitia kwenye kazi. Nyota 3 na nusu, na ingekuwa zaidi kama ingekalia kitu kinachovumilia joto.

Platini juu ya kaboni sitakaa nayo sana kwa upande wa borohaidraidi. Inafanya kazi, sawa, lakini kwangu haikuifikia rutheniamu na unga wake wa kaboni unasambaa kila mahali, kwenye kuta za chupa, kwenye glavu, kwenye maji ya kuoshea. Kuuchuja ndo hatari yenyewe, maana platini ya kaboni iliyotoka kwenye haidrojeni ikikauka hewani inaweza kushika moto yenyewe kwenye karatasi ya chujio. Iache na maji muda wote, usiiache ikauke, hata kidogo.

Ilipong'aa ni kwenye amonia borani. Hii ni haidraidi nyingine, yaani kemikali nyingine iliyobeba haidrojeni, NH3BH3, ina haidrojeni asilimia 19.6 kwa uzito, na uzuri wake ni kwamba inakaa ndani ya maji ya kawaida imetulia bila kuhitaji kostiki. Mwaka 2006 watafiti Chandra na Xu walionesha kuwa ukiiwekea platini, rodiamu au paladi inatoa haidrojeni kwenye joto la chumba, moli tatu kwa kila moli moja. Niliitia platini yangu na kwa kweli nilishangaa, maji yalikuwa kimya kabisa kama maji ya kunywa, dakika hiyo hiyo yakawa yanachemka viputo bila moto. Mchanganyiko hauli ngozi kama ule wa kostiki, ni raha kufanya nao kazi. Ila vuta pumzi kwa mbali utaisikia amonia. Kidogo tu, lakini ipo, hasa mchanganyiko ukiwa mzito, na seli ya mafuta ya utando wa asidi haiipendi kabisa amonia, inaingia kwenye utando inashika nafasi ya protoni na umeme unashuka. Lazima gesi upitishe kwanza kwenye asidi dhaifu iioshe. Kwa borohaidraidi naipa 2, kwa amonia borani 4.

Sasa sponji ya nikeli. Ni bamba la nikeli lililojaa vitundu kama sponji ya kuoshea, jepesi, unalikata kwa mkasi saizi unayotaka, na kobalti inapakwa juu. Mi napaka mwenyewe kwa kuchovya: kwenye kobalti kloraidi, afu kwenye borohaidraidi yenye kostiki, suuza, rudia, mpaka liwe jeusi kila mahali, mwisho natia kwenye tanuru lenye naitrojeni lishikane. Jambo ambalo nataka kila mtu alisikie ni kuosha nikeli kabla ya kupaka. Kipande changu cha kwanza nilikipaka kama kilivotoka kwenye pakiti na kikatoa gesi vizuri sana siku ile, siku ya tatu nikakuta maganda meusi yanaelea na nikeli inaonekana inang'aa chini yake. Kipande cha pili nilikiosha kwa asetoni kutoa mafuta, afu kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa kutoa ile ngozi ya oksaidi, afu maji mengi. Nilichovya kwenye vyombo vile vile siku ile ile, na hiki kimekaa. Viputo ndo vinavobandua, fikiria kila kiputo kinazaliwa chini ya rangi kwenye kijitundu afu kinatafuta njia ya kutoka, mara maelfu kwa maelfu, kama rangi haijashika chuma itang'oka tu hata ingekuwa ya metali gani.

Kwa kasi iko nyuma ya unga na nyuma ya rutheniamu. Nakubali. Lakini naishika kwa koleo, naizamisha gesi inaanza, naiinua gesi inakata, nikiizamisha nusu napata kama nusu. Joto linasambaa vizuri kwa sababu ni metali tupu na maji yanapita kwenye vitundu. Niliitengenezea fimbo inayopanda na kushuka, gesi ikijaa inasukuma maji chini sponji inabaki juu bila maji, gesi ikitumika maji yanarudi juu yanaigusa tena. Inajisimamia yenyewe bila pampu wala umeme. Siku ya kwanza niliiacha taa ndogo ikiwaka kwenye seli ya mafuta jioni nzima na sikuigusa.

Kasoro yake, na hii ni ya wote ila kwenye sponji unaiona kwa macho, ni ile metaborati, NaBO2 ya kwenye mlinganyo wa juu, chumvi inayobaki gesi ikishatoka. Ukimaliza mmenyuko mabaki yote yako pale kwenye maji. Borohaidraidi inayeyuka gramu 55 kwenye gramu 100 za maji kwenye nyuzi 25, metaborati ni gramu 28 tu. Piga hesabu: gramu 100 za mchanganyiko wenye chumvi gramu 20 zinaacha metaborati kama gramu 35, na maji yaliyobaki baada ya mmenyuko kula sehemu yake ni kama gramu 61, hapo hata sijatoa kostiki wala mvuke. Maji hayo yanabeba gramu 17 za metaborati. Nusu nzima inakosa pa kukaa, inaganda, na inapenda kuganda pale pale kwenye vitundu vya kichocheo. Mchanganyiko ukiwa moto hauioni, ukipoa ndo inatokea. Niliitoa sponji asubuhi nikainyanyua kwenye taa, badala ya kuona mwanga kwenye vitundu naona madoa meupe, nikigusa ni magumu kama chokaa. Nikadhani kichocheo kimekufa. Nikailaza kwenye maji ya uvuguvugu, nusu saa, mwanga ukarudi na gesi ikarudi karibu kama mwanzo.

Kwa hiyo wengi mnaosema "kichocheo changu kimechoka baada ya siku tano", kabla hamjakitupa kiosheni kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Mara nyingi kimezibwa tu. Nikishuka hadi asilimia 10 ya chumvi hesabu inakaa sawa, metaborati kama gramu 17 kwenye maji kama gramu 80, yote inayeyuka. Ila angalia unacholipia kwa hilo: gramu 100 za mchanganyiko huo zinatoa gramu 2.1 tu za haidrojeni, wakati kwenye hesabu ya karatasi, chumvi na maji yake kamili tu, ni asilimia 10.9. Hapo ndo gari liliposhindwa. Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2007 ilipendekeza kuacha hii njia kwa ajili ya kubeba haidrojeni kwenye magari, maji mengi ya kubeba na nishati nyingi ya kuirudisha metaborati iwe borohaidraidi tena. Hakuna kichocheo, hata kiwe cha rutheniamu tupu, kinachoweza kubadilisha hiyo hesabu ya kuyeyuka. Inaniuma nikiona mtu anauziwa kichocheo kipya "chenye kasi mara dufu" kana kwamba ndo dawa ya tatizo hilo, sio kweli na anayeuza anajua.

Kwa vifaa vidogo lakini, taa, redio, vipimo vya porini, simu, asilimia 2 inakutosha na hii njia ina haki ya kuishi. Gesi haikai kwenye mtungi wa mgandamizo, inatoka pale pale unapoihitaji.

Usalama kwa haraka ila kwa uzito wote: usifunge kamwe chupa ya mmenyuko bila njia ya gesi kutoka. Haidrojeni inawaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa na mwali wake hauonekani mchana, fanya kazi penye hewa nyingi na bila cheche. Usitie asidi kwenye borohaidraidi hata kwa kusafishia, ile kufuli ya kostiki inafunguka yote mara moja. Miwani ya kinga muda wote, kostiki kwenye jicho haina msamaha.

Kama unaanza leo, anza na unga wa kobalti boraidi mara moja au mbili ili uelewe mmenyuko kwa macho yako, afu nenda moja kwa moja kwenye sponji ya nikeli. Rutheniamu iache kwa siku ambayo nafasi ni ndogo sana na unahitaji kasi kubwa kwenye kipande kidogo, na ikifika siku hiyo itafute iliyokalia seramiki au metali sio resini. Sponji naipa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu bado kingo zake zinapoteza weusi taratibu, kila nikisuuza naona chembe mbili tatu chini ya bika, na nimekuwa nazikusanya kwenye kichupa nipime uzito wake. Kati ya kazi na kazi naiosha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, naikung'uta, afu naihifadhi imezama kwenye maji safi kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegea, siikaushi hewani.